Kasiksi Iliyorudi kwa Mwenyewe

Nilipokuwa naondoka Ujiji, watu waliniambia kwamba Bukavu kumejaa watu wa ajabu. Wako Wazungu waliogoma kurudi kwao, wako manabii wanaotoka misitu ya Shabunda na dhahabu ndani ya soksi, wako wakubwa wanaoteremka kwa ndege kutoka Kinshasa na kupanda tena kabla chai haijapoa. Utakutana na watu, waliniambia, kana kwamba sisi wa Ujiji tulikuwa mbuzi. Basi nilikutana nao. Niliwapima viuno na mabega wakiwa wamesimama mbele yangu na soksi zilizotoboka, na ninachoweza kusema ni kwamba mtu wa ajabu ni mtu kama wengine, ila anaongea zaidi.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka ile nchi iliitwa Zaire, kila mtu aliitwa citoyen, yaani mwananchi, na tai ilikuwa imepigwa marufuku pamoja na suti ya Kizungu. Mwanaume aliyetaka kuonekana mtu alivaa abakosi, koti lenye kola fupi linalofungwa vifungo hadi karibu na koo, bila shati ndani. Kwa hiyo serikali ya watu ilinitafutia wateja bila mimi kuiomba. Nilikodi kibaraza pale Nyawera, katikati ya mji, nikaweka cherehani yangu na kioo kirefu, na kila aliyekuwa na cheo au aliyekitamani alipitia kwangu. Wote walivuta tumbo ndani nilipozungusha utepe kiunoni. Niliwaacha wavute, kisha nikakata kitambaa kwa tumbo nililolijua. Siku ya kujaribu nguo walijitazama kwenye kioo, wakasema fundi, umenipatia. Niliwajibu asante mkubwa, nikageukia pembeni kutafuta sindano ambayo sikuihitaji.

Mji wenyewe nao husifiwa kupita kiasi. Umekaa juu ya rasi zilizoingia majini kama vidole, na kila mgeni aliyepita kwangu alinionyesha ziwa, utadhani yeye ndiye aliyelichimba. Mimi nimezaliwa ziwani. Ziwa la kwetu lina mawimbi ya kuzamisha watu, lina mamba, lina migebuka wanono wa kulisha nyumba nzima. Kivu halina mamba wala kiboko. Samaki wake ni sambaza, unawatia mdomoni na vichwa vyao na bado unajiuliza kama umekula. Ni ziwa la kupigia picha.

Wa kwanza katika hao watu wa ajabu alikuwa Mzungu mmoja mzee, aliyekuwa na shamba la kahawa kisiwani Idjwi mpaka serikali ilipolichukua na kumpa mwananchi. Alinijia na suruali yake ya pekee, akitaka nimtie kiraka mahali pa kukalia. Akiwa amejifunga taulo langu, akanisimulia jinsi alivyowahi kumkaba chui kwa mikono yake. Alipokuja tena, suruali ileile imechanika palepale, chui walikuwa wamekuwa wawili. Alikuwa ameishi nchi ile tangu ujana, na Kiswahili chake chote kilikuwa leta, peleka, haraka na mjinga. Watu walimnunulia bia ili awasimulie. Mimi nilimwona mtu aliyezeeka katikati ya watu bila kuwahi kumuuliza hata mmoja habari za nyumbani.

Baada yake akaja kijana mwenye ndevu na mzigo mgongoni, aliyesafiri kutoka Ulaya kwenda kuwatazama gorila. Alijikinga mvua kibarazani kwangu mchana kutwa, akaniuliza kwa Kiingereza nahisi nini ninapolitazama ziwa. Nikamwambia nahisi njaa. Akainamisha kichwa kwa heshima kubwa, kama mtu aliyepewa siri ya mababu. Nikamwonea huruma mama yake.

Nilikuwa nimepanga chumba Cimpunda, juu kwenye kilima cha Kadutu, ambako nyumba zimebanana na mvua ikinyesha udongo huteremka pamoja na mtu. Mwenye nyumba wangu alikuwa mjane wa Kishi, mmoja wa Bashi wenyeji wa pande zile, aliyeuza unga wa muhogo sokoni. Huyo hakuwa wa ajabu hata kidogo. Alikuwa mfupi, mnene, wa maneno machache, na miaka yote niliyokaa kwake sikumsikia akisimulia jambo. Alikwenda misa ya asubuhi, akaenda sokoni, akarudi, akapika bugali, ndio ugali wao, na sombe, ndicho kisamvu, akafunga mlango. Nilimheshimu kama mtu anavyoheshimu ukuta wa nyumba, kwa sababu usipokuwapo utalowa.

Siku niliyohamia aliniletea kasiksi, pombe ya ndizi ya kwao, ndani ya kibuyu chenye mrija. Akavuta funda moja yeye kwanza mbele ya macho yangu, kama desturi yao inavyotaka, ili mgeni ajue kwamba hajatiliwa kitu. Kule watu wanaogopa sumu kuliko wanavyoogopa askari. Nikamwambia mimi ni Mwislamu, sinywi.

“Hata siku moja?” akauliza.

“Hata siku moja, mama.”

“Na watu wakikulazimisha, papa fundi?”

“Wakinilazimisha ndiyo sigusi kabisa.”

Akatazama kibuyu, akanitazama mimi, akakibeba akarudi nacho ndani. Nilifikiri nimemkosea. Tangu hapo hakuniletea kinywaji zaidi ya chai. Majirani ndio waliojaribu. Kwenye arusi, kilio na ubatizo, mrija ulinifikia, na kila mara niliusukuma kwa mkono huku wakicheka. Mpaka watoto wa kilima kile walijua kwamba Mtanzania wa kwa yule mama hanywi.

Mama alikuwa na binti mmoja, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza shule ya ukunga. Aliniita tonton, yaani mjomba, na yeye ndiye aliyekuwa na ulimi katika nyumba ile. Alinitania kwamba nashona nguo za wakubwa na mimi mwenyewe nina shati lisilo na kifungo. Kwa vile alikuwa anataka kitu na alikuwa anakifanyia kazi, jambo nililoliona mara chache sana mjini mle, nilimpenda, na sare zake za shule nilimshonea mimi.

Sasa nifike kwa mtu wa ajabu kuliko wote. Alishuka kibarazani kwangu kutoka kwenye gari jeusi, miwani myeusi usoni, hakuivua hata alipoingia kivulini. Alitoka Kinshasa. Kazi yake hakuna aliyeitaja waziwazi. Watu walisema ni mshauri, na wakishasema hivyo waligeuka kutazama nyuma. Jumamosi, watu walipokusanywa kufyeka majani ya barabarani kwa amri, yeye alisimama juu ya gari na kuwahubiria kuhusu mizizi. Turudi kwa mababu, alisema. Tuache majina ya Kizungu, ndoa za Kizungu, nguo za Kizungu. Mwafrika asiyefuata desturi ni mti uliong'olewa. Watu walipiga makofi wakiwa na mapanga mikononi.

Kwangu alikuja na kitambaa kizuri cha abakosi, na chini ya kitambaa alikuwa amekunja koti lake la zamani, la zile siku za tai. Akainama karibu na sikio langu. Alitaka niifumue nembo ya fundi wa Paris iliyokuwa ndani ya koti lile, niishone ndani ya abakosi mpya, upande wa kwapani, mahali pasipoonekana. Nikamuuliza itamsaidia nini kama haionekani.

“Mi mwenyewe nitajua iko pale,” akasema.

Nikamshonea. Mtu akikwambia mwenyewe jinsi alivyo mdogo, usimpotezee muda kwa kumbishia. Siku ile ya kumpima, bado nilikuwa na utepe shingoni mwake wakati binti wa mwenye nyumba wangu alipopanda ngazi kuja kujaribu sare yake. Aliponiona nina mtu akasimama pembeni, akasalimu, akangoja. Yule bwana akavua miwani. Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona macho yake, na hayakuwa na lolote la kustahili kufichwa.

“Ule ni mutoto wa nani?” akaniuliza.

“Ni wa mama mwenye nyumba wangu. Anasoma ukunga, citoyen. Amebakiza mwaka.”

“Masomo haiishaki,” akasema, akajitazama tena kwenye kioo.

Haukupita muda, mkubwa wa mtaa wetu, mzee mmoja wa Kishi mwenye kofia iliyopauka, akafika kwa mama kama mshenga. Citoyen atakuja Jumapili baada ya misa. Atakuja na kasiksi, kwa njia ya mababu, maana yeye si mtu wa kuvunja desturi. Kilima kizima kilikuwa na habari kabla mzee hajamaliza kuteremka. Na kilima kizima kilijua kilichokuwa ndani ya habari hiyo. Yule bwana alikuwa na mke Kinshasa, na kila mji aliotumwa alifungua biro ya pili, ndivyo walivyowaita wanawake wa pembeni. Binti mmoja wa nyumba za chini alikuwa amepita njia hiyohiyo na mtu mwingine wa aina yake. Alirudi kwao na mtoto mgongoni, na shule haikumpokea tena.

Jioni ile nilisikia sauti zao jikoni. Binti alikuwa analia, na si mtu wa kulia.

“Maman, mi sitaki ule mutu. Mi nataka kumaliza masomo.”

“Nimesikia,” mama akasema, akaendelea kusonga bugali.

Nilikasirika. Nilimwona mama kama mtu asiye na damu. Lakini nilijua pia kwamba hapana ilikuwa neno la gharama. Kaka yake mama aliwahi kumjibu mtu mkubwa vibaya, kwa jambo dogo la gari lililoziba njia. Alichukuliwa, akarudi baada ya miezi bila meno ya mbele, na tangu hapo hakumjibu mtu yeyote chochote. Mama mwenye meza sokoni, mjane, aliye na binti mmoja, angesema hapana kwa kinywa gani?

Kesho yake akanijia mlangoni pangu akiwa amesimama wima, mikono ndani ya kitenge.

“Papa fundi, Jumapili nitaomba ukae kwa kiti ya marehemu bwana yangu.”

“Mimi, mama? Kwani shemeji yako wa Nyangezi, mdogo wake marehemu, hayupo?”

“Anagonjwa muguu. Hawezi kutembea. Na weye umekaa na sisi, umekula na sisi. Watu wanajua uko mutu wa nyumba.”

“Lakini mimi desturi zenu sizijui. Nitasema nini?”

“Usiseme kitu. Muzee ndiye atasema. Wakikuletea mulija, fanya vile unafanyaka siku zote.”

Nilifikiri ananihurumia. Nilifikiri anachosema ni kwamba nisijali, mrija utanipita, atakunywa mwingine kwa niaba yangu, kama ilivyokuwa kwenye arusi na vilio. Na nitasema kweli, nilijiona mtu. Nilipiga pasi shati na kushona kile kifungo. Nilikuwa na hamu ya kuketi usawa na yule bwana, nimtazame uso kwa uso nikijua kilichoandikwa chini ya kwapa lake.

Jumapili mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Gari jeusi lilikwama chini kabisa ya kilima, na yule bwana akapanda kwa miguu na viatu vyake vya kung'aa, huku vijana wawili wa chama wakimshika viwiko ili asianguke mbele ya watu aliozoea kuwahubiria. Nyuma yao walikuja wanawake na vibuyu vichwani, hawakuteleza hata kidogo. Uwanja wetu mdogo ulijaa. Watu walikaa juu ya mawe, juu ya kuta, mlangoni mwa choo. Kwa Bashi jambo kama hilo halifanywi mafichoni. Pombe ya posa hunywewa mbele ya macho ya watu, na macho hayo ndiyo hati ya ndoa.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha marehemu, kiti cha mbao kilichofungwa kamba mguuni. Mama alikaa chini kwenye mkeka, macho sakafuni. Binti alikuwa ndani. Mzee mwenye kofia iliyopauka alisema maneno mengi kwa Kishi na mengine kwa Kiswahili, kuhusu ng'ombe aliyeona majani ya jirani na mwenye boma mwema. Yule bwana naye akasimama. Hakuweza kujizuia. Akatuhubiria kwamba wengine wangeleta pete na keki, yeye ameleta kibuyu, kwa sababu yeye ni Mzairi wa kweli, na desturi ya baba zetu ni sheria kubwa kuliko karatasi yoyote. Watu wakapiga makofi.

Kisha kibuyu kikubwa kikawekwa katikati. Mleta pombe huonja kwanza, naye akainama, akavuta mrija, na uso wake ukajikunja kama wa mtoto aliyepewa dawa. Huyo mtu wa mizizi hakuwa amewahi kuionja kasiksi. Alizoea chupa zilizokuja na ndege. Nikafurahi mpaka nikahisi joto masikioni.

Mzee akauchukua mrija, akaupangusa, akaja nao kwangu. Si kwa mwingine. Kwangu.

Nikafanya kama ninavyofanya siku zote. Nikausukuma kwa mkono.

“Mimi sinywi, mzee. Unanijua.”

Mzee akabaki ameinama. “Kidogo tu, fundi. Kwa kiti hii ndiyo inaanziaka. Gusa tu na mudomo.”

“Sigusi. Dini yangu hairuhusu.”

Yule bwana akacheka kidogo, akasema mpeni mwingine basi, kuna watu wengi hapa. Mzee akanyooka taratibu. Nilimwona akitafuta maneno, maana alikuwa kati ya mtu anayemwogopa na watu atakaozeeka nao.

“Mwingine nani, citoyen? Kiti iko na mutu. Mutu wa kiti akikatala, wengine hawawezi kunywa.”

“Huyu si baba yake. Ni mugeni tu.”

Mama akasema bila kuinua macho, “Papa fundi iko kwa kiti ya marehemu. Mi niko mwanamuke, niseme nini?”

“Basi tutangoja. Ulete baba yake mudogo, siku ingine,” yule bwana akasema.

Bibi mmoja mzee sana, aliyekaa juu ya jiwe karibu na mlango, akasema kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa kwamba pombe ya posa ikishafunguliwa na kukataliwa hurudi kwa mwenyewe kabla jua halijatua. Na ikisharudi hailetwi tena kwenye nyumba ileile. Wenzake wakaitikia kwa koo zao. Mzee akavua kofia, akasema ni kweli, ndivyo ilivyo, ndivyo baba zetu walivyoiacha.

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza, na hapo ndipo sikunyamaza. Nilikuwa nimekaa miaka nikiwavumilia watu wa ajabu, chui wao, gorila wao na matumbo yao, na huyu alikuwa amesimama mbele yangu na Paris yake kwapani.

“Citoyen,” nikamwambia, “si umetuhubiria mwenyewe sasa hivi? Desturi ni sheria kubwa kuliko karatasi. Au mababu wanasikilizwa wakikubaliana na wewe tu?”

Mtu mmoja kule nyuma akacheka kupitia puani, akakohoa haraka kuficha. Yule bwana akatoa miwani yake mfukoni. Akaivaa. Akageuka, akaanza kuteremka kilima, na wale wanawake wakavitwika vibuyu vyao tena na kumfuata, kwa sababu mbele ya macho yote yale hakuna ambaye angethubutu kuviacha. Alianguka mara moja, karibu na bomba. Niliona, na anguko lile nalitunza moyoni hadi leo.

Furaha yangu haikukaa. Wiki haikuisha, mtu aliyevaa kiraia akaja kibarazani, akaomba karatasi yangu ya ukaazi, akaitia mfukoni bila kuisoma. Akaniambia Zaire haihitaji wageni wanaodharau viongozi, na kwamba ifikapo Jumamosi nisionekane Bukavu. Kioo nikamwachia jirani wa kibaraza. Cherehani nikaifungua kichwa, nikakitia ndani ya gunia, na meza yake nikaiacha. Kazi yote niliyoijenga pale niliikunja ikaenea kwenye magunia mawili.

Asubuhi ya kuondoka mama hakuwepo. Alikuwa amekwenda sokoni kama siku zote. Binti ndiye aliyenisindikiza hadi kwenye lori la kwenda Uvira, amevaa sare niliyomshonea, amechelewa darasani kwa ajili yangu.

“Tonton, usikasirike,” akasema.

“Nimekasirika,” nikamwambia. “Mama yako amenikalisha kwenye kiti cha moto, na hata kuniaga hakuja. Unga hauozi, ungemngoja.”

Akainama, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Hakuwa na utani siku hiyo. Lori likaondoka.

Nilipanda juu ya magunia ya viazi nikiwa nimemchukia kila mtu. Nilimchukia yule bwana, hilo halikuhitaji juhudi. Niliwachukia majirani waliocheka kwa woga, nilimchukia mzee na kofia yake, na zaidi ya wote nilimchukia yule mama asiye na damu, aliyekwenda kupima unga siku mimi nilipokuwa nafukuzwa kwa sababu ya nyumba yake. Ziwa lilionekana mara moja ya mwisho kwenye kona, limetulia kama kawaida yake, na nalo nikalichukia.

Nyangezi lori likasimama kutia maji kwenye injini. Wanawake wakaja na mahindi ya kuchoma na maparachichi. Katikati yao akaja mwanamume mmoja mwenye mvi, amebeba mkungu mzima wa ndizi kichwani, anatembea haraka kwenye mteremko kama kijana. Alikuwa na sura ya yule marehemu wa kwenye picha ya sebuleni kwetu Cimpunda. Akautua mkungu chini, akaangaza abiria mmoja mmoja, akaniita.

“Weye ndiye fundi wa kwa shemeji?”

Nikateremka. Nikamtazama miguu yote miwili.

“Mguu umepona?” nikamuuliza.

“Muguu gani?” akasema. Halafu akakumbuka, akacheka, akafunika mdomo kwa mkono. “Shemeji alinikataza kuya. Alituma mutu akanambia, ile Jumapili usionekane kabisa Bukavu. Mi nakunywaka, papa. Kila mutu anajua. Wangenipa mulija mbele ya ule mukubwa, ningekunywa, na mutoto angeenda. Nani angekatala? Kaka yake shemeji iko bila meno.”

Wanawake walikuwa wananisukumia mahindi mbele ya uso.

“Kwa hiyo alinichagua mimi kwa sababu sinywi.”

“Juu haunywi,” akakubali, “na juu haunyamazi. Alisema, ule fundi atasema kitu, na ule bwana atakasirikia yeye, atatusahau sisi.” Akatazama chini. “Na alisema, mutu wa Ujiji wakimufukuza, atarudi kwao. Sisi wakitufukuza, tutarudi wapi?”

Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimelisikia tangu utotoni, nimelitamka kwa wageni mlangoni, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anaweza kulikalia kitako na kulipanga hivyo, tangu siku aliponitazama mimi na kibuyu na kurudi ndani kimya. Miaka yote ile nilikuwa nawapima watu viuno, na kumbe kuna aliyekuwa ananipima mimi, bila utepe, akiwa anasonga bugali. Nilitaka kurudi Bukavu kwa miguu nikamwambie maneno.

Yule shemeji akaingiza mkono chini ya majani yaliyofunika mkungu, akatoa kibuyu kidogo chenye mrija mpya.

“Alikuletea hii na lori ya jana. Siyo pombe. Ni mutobe, maji ya ndizi, haiyachacha, alikamua yeye mwenyewe. Hakuweza kukuaga, papa. Kule mjini wanamuangalia, wangemuona na weye wangejua. Alisema nikupe, na kama ukikatala, hana neno. Nimurudishie.”

Akainama, akavuta funda moja yeye kwanza mbele ya macho yangu, akaupangusa mrija kwa kidole, akanyoosha kibuyu.

Dereva alikuwa amekwisha funga kifuniko cha injini, anapiga honi. Nilikitazama kibuyu kile. Nilifikiria kibaraza changu cha Nyawera, na kioo, na meza ya cherehani. Nilifikiria sare niliyoishona, na mikono miwili iliyoushika wangu asubuhi ile. Sijawahi kumheshimu mtu nikiwa na hasira naye kiasi kile, wala kabla wala baadaye.

Nikakipokea. Mutobe ulikuwa mtamu kupita kiasi, wenye makapi, wa vuguvugu kwa kukaa juani. Nikanywa hadi mrija ukakoroma, nikamrudishia.

Akakitikisa karibu na sikio kuhakikisha hakuna kilichobaki.

“Nitamwambia umekunywa,” akasema, akajitwika ndizi zake.